Ukilipa dola mtandaoni, shilingi zako huvujia wapi? Kadi ya benki, kadi ya simu, akaunti ya dola na PayPal

Ukiuliza benki, utaambiwa kununua mtandaoni kwa kadi ni bure. Si uongo. Kwenye taarifa ya akaunti hutaona mstari ulioandikwa "ada ya kununua". Makato yamejificha ndani ya kiwango cha kubadilishia fedha. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kununua kitu kilekile cha dola 100, siku ileile, mmoja akatoa shilingi 255,000 za Tanzania na mwenzake 270,000, na wote wakaapa kwamba hawakutozwa ada yoyote.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha njia, tuwe na kipimo kimoja. Chukua shilingi zote zilizotoka mfukoni mwako, makato ya pembeni yakiwemo, ugawanye kwa dola zilizoandikwa kwenye risiti ya muuzaji, yaani bei, kodi na usafirishaji kwa pamoja. Jibu ndilo bei uliyonunulia dola moja. Liweke kando ya kiwango cha kati cha Benki Kuu cha siku hiyo, yaani katikati ya bei ya kununua dola na ya kuuza. BoT ya Tanzania na CBK ya Kenya hutangaza viwango hivyo kila siku ya kazi kwenye tovuti zao. Tofauti unayoiona ndiyo gharama yako, iwe imeitwa ada, kamisheni, au haikuitwa kitu.

Tuseme ujumbe wa benki unasema umekatwa TZS 259,045 na risiti ya duka inasema dola 100. Ukigawanya unapata 2,590. Ikiwa kiwango cha kati siku hiyo ni 2,500, umelipa shilingi 90 za ziada kwa kila dola, sawa na asilimia 3.6. Hesabu ni hiyo tu, na simu yoyote inaiweza.

Nitabaki na 2,500 hadi mwisho kwa sababu inahesabika kichwani. Shilingi ya Tanzania yenyewe haijatulia hapo. Mwaka 2024 peke yake ilipita 2,700 kwa dola kisha Desemba ikarudi karibu na 2,400. Na tarakimu za jedwali hili ni za mfano. Weka za benki yako uone mpangilio unavyobadilika.

| Njia ya kulipia dola 100 | Shilingi zilizotoka | Dola moja imekugharimu |
|---|---|---|
| Akaunti ya dola, dola zikiwa zimenunuliwa benki | 254,500 | 2,545 |
| Kadi ya benki ya shilingi, umelipa kwa dola | 259,045 | 2,590 |
| Kadi pepe ya pesa za simu | 260,000 | 2,600 |
| Kadi ya benki ya shilingi, umekubali kutozwa kwa shilingi | 265,630 | 2,656 |
| PayPal, muuzaji anadai kwa euro (thamani ileile) | 269,407 | 2,694 |

Nimechukulia kwamba Visa imebadilisha kwa 2,515 na benki ikaongeza asilimia 3. Kwamba benki inauza dola kwa 2,545. Kwamba kampuni ya simu imeweka kiwango cha 2,600 kikiwa na kila kitu ndani. Kwamba duka linalotoza kwa shilingi limetumia 2,630, kisha benki ikaongeza asilimia 1 kwa kuwa muuzaji yuko nje. Na kwamba PayPal imechukua asilimia 4 yake kwanza.

Kitufe cha "lipa kwa shilingi"

Nianze na hiki, maana ndicho kinachoumiza wengi na ndicho rahisi kukikwepa. Umefika mwisho wa manunuzi na ukurasa unakuuliza: utozwe USD 100 au TZS 263,000? Shilingi unaifahamu na dola huifahamu, kwa hiyo kidole kinaenda kwenye shilingi chenyewe. Mara nyingi hata huulizwi sana, alama ya tiki imeshawekwa hapo.

Ukichagua shilingi, anayebadilisha fedha si Visa tena wala si benki yako. Ni muuzaji, au kampuni inayomshughulikia malipo, na yeye ndiye anayepanga kiwango. Faida yake imo humo ndani. Amazon ina huduma ya namna hii pale unapochagua kadi ya kulipia, na utaikuta pia kwenye tovuti za hoteli na za tiketi za ndege. Kanuni za Visa na Mastercard zinamtaka muuzaji akupe nafasi ya kuchagua na akuonyeshe kiwango anachotumia, kwa hiyo kiwango kipo. Kimeandikwa kwa herufi ndogo chini ya bei.

Kibaya zaidi, kuna benki zinazotoza ada ya muamala wa kimataifa kwa kuangalia muuzaji amesajiliwa wapi, bila kujali alitoza kwa sarafu gani. Hapo umelipia ubadilishaji kwa muuzaji, kisha ukalipia "ukimataifa" kwa benki.

Lakini usichanganye kuonyeshwa bei na kutozwa. AliExpress hukuonyesha bei kwa sarafu uliyoichagua kwenye mipangilio, na hilo halina ubaya lenyewe. Cha kutazama ni sarafu iliyo kwenye ukurasa wa mwisho, ule wa kuthibitisha malipo. Vilevile, Netflix na Spotify kwa Kenya zina bei zilizopangwa kwa shilingi ya Kenya tangu mwanzo. Hapo hakuna dola inayobadilishwa, bei ya nchi ndiyo hiyo.

Msimamo wangu: chagua sarafu ya muuzaji, karibu kila mara. Nasema karibu kwa sababu kama benki yako inaongeza asilimia 6 au 7 juu ya kiwango cha Visa, kiwango cha duka kinaweza kuwa nafuu. Utajuaje? Visa na Mastercard zote zina kikokotoo kwenye tovuti zao. Unaingiza tarehe, sarafu mbili na asilimia ya benki yako, kinakupa jibu. Liweke kando ya shilingi unazodaiwa na duka.

Kadi ya benki na kadi ya simu

Hizi ndizo mbili ambazo wengi wetu tunazo, na ukitazama jedwali zinakaribiana sana.

Kwenye kadi ya benki ya shilingi, kiwango cha Visa au Mastercard chenyewe si kibaya, huwa karibu na bei ya jumla ya soko. Juu yake benki huweka asilimia yake, na humo ndimo benki moja inapotofautiana na nyingine, kuanzia asilimia 1 hadi zaidi ya 4. Usitegemee tangazo. Nenda kaunta ukaulize kwa maneno haya: "Dada, nikilipa dola mtandaoni kwa kadi hii ya shilingi, benki inaongeza asilimia ngapi juu ya kiwango cha Visa?" Ukiuliza "kuna ada?", utajibiwa hakuna na utaondoka ukiwa umeridhika bure. Akisema hajui, mwombe tarifu ya benki, yaani orodha ya ada zake, na utafute sehemu ya miamala ya kimataifa. Kisha uliza kama asilimia hiyo ni kabla ya kodi, kwa sababu Tanzania ada za benki zina VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwenye ada za kutuma pesa, iwe kwa benki au kwa simu.

Jambo jingine: kadi nyingi za benki huja zikiwa zimefungwa kwa manunuzi ya mtandaoni. Lazima uombe ifunguliwe, au uifungue mwenyewe kwenye programu ya benki. Mtu anaweza kuhangaika jioni nzima akidhani kadi ni mbovu.

Kadi pepe ya pesa za simu haina plastiki. Namba, tarehe na tarakimu tatu za siri unazipata kwenye simu, na pesa inayotumika ni salio la pesa zako za simu. Safaricom ilizindua ya kwake, M-PESA GlobalPay, pamoja na Visa mwaka 2022, na M-Pesa ya Vodacom Tanzania nayo ina kadi ya Visa. Kiwango hupangwa na kampuni na faida imo ndani, kwa hiyo hapa hakuna cha kuuliza kaunta. Fanya muamala mdogo, gawanya, utaona.

Kwenye mfano wangu kadi ya simu imezidi kadi ya benki kwa shilingi 10 kwa dola. Ukinunua kitu cha dola 30, hiyo ni shilingi 300. Mimi kwa shilingi 300 nachagua kadi ya simu bila kufikiri mara mbili, hasa kwenye duka nisilolijua. Namba za kadi zikiibwa, mwizi anakutana na salio nililoweka kwa ajili ya manunuzi hayo, si mshahara wote. Na zile huduma za "jaribu siku saba bure" zinazoanza kukata kimya kimya siku ya nane zikikuta salio sifuri, zinagonga mwamba zenyewe.

Hesabu hubadilika pesa ikiwa iko benki na inabidi uihamishie kwenye simu kwanza, kwa sababu uhamisho una makato na makato hayo lazima yaingie kwenye kugawanya kwako. Kwa dola 10, makato ya kuhamisha yanaweza kuizidi faida yote unayoitafuta. Ukiweka taslimu kwa wakala, huo mzigo haupo. Pia kuna ukomo. Kenya, tangu 2023, akaunti ya M-Pesa inabeba hadi shilingi 500,000 na muamala mmoja hauzidi 250,000. Mashine ya kiwandani hutainunua kwa njia hii.

Akaunti ya dola

Jedwali linaipa nafasi ya kwanza, na watu wakiona hivyo hukimbilia kufungua. Subiri kidogo. Gharama haijafutika, imehamia dirisha la benki pale uliponunulia dola. Benki haikuuzii kwa kiwango cha kati, inakuuzia kwa bei yake ya kuuzia. Kama tofauti ya benki yako ni kubwa, 2,580 badala ya 2,545, faida inayeyuka.

Halafu kuna ada ya mwezi na salio la chini. Tuchukue ada ya dola 2 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 24, kama shilingi 61,000. Ukilinganisha na kadi ya shilingi unaokoa shilingi 45 kwa dola. Gawanya 61,000 kwa 45: unahitaji kununua vitu vya dola 1,350 hivi kwa mwaka ndipo ada ya akaunti irudi. Chini ya hapo, unaifuga benki.

Anayefaidika hasa ni anayelipwa kwa dola: mwandishi wa programu, mfasiri, mwongoza watalii anayepokea malipo kutoka nje. Dola zake hazikupita kwenye shilingi, kwa hiyo hakuna mahali pa kukatwa. Mtu wa namna hiyo akilipia huduma za kazi yake kwa kadi ya shilingi, anauza dola kwa bei ya chini asubuhi na kuzinunua kwa bei ya juu jioni.

Na nisisikie tena mtu akisema akaunti za dola zilipigwa marufuku Tanzania. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 28 Machi 2025 zilizuia kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Kuwa na akaunti ya dola na kumlipa muuzaji aliye nje ni mambo mengine.

Tahadhari moja tu: kadi ya dola ni nafuu kwa dola. Duka la Ujerumani likidai euro, fedha itabadilishwa tena, na benki itachukua asilimia yake kama kawaida.

PayPal

PayPal husifiwa na hulaumiwa kwa sababu zisizo zake. Ukweli wa kwanza ni kwamba PayPal haina shilingi, si ya Kenya wala ya Tanzania, miongoni mwa sarafu inazotumia. Kwa hiyo ukimlipa muuzaji anayedai dola, PayPal inaidai kadi yako dola, na benki yako ndiyo inayobadilisha. Gharama ni ileile ya kadi ya benki, 259,045 kwenye mfano wetu. Mnunuzi hatozwi kitu cha ziada.

Balaa huanza muuzaji akidai euro au pauni. PayPal, ikiachwa na mipangilio yake, itabadilisha euro kuwa dola kwa kiwango chake, ambacho huwa na asilimia 3 hadi 4 juu ya bei ya jumla, kisha benki yako ichukue dola hizo izibadilishe kuwa shilingi na kuongeza asilimia yake. Umebadilishiwa mara mbili. Ndiyo ile 269,407 iliyo chini kabisa ya jedwali.

Dawa yake iko kwenye ukurasa wa kuthibitisha malipo. Kabla ya kubonyeza, tafuta kiungo kidogo cha chaguo za sarafu karibu na kiwango, uchague utozwe kwa sarafu ya ankara ya muuzaji. Euro inakwenda moja kwa moja kwa Visa, inabadilishwa mara moja, na unarudi kwenye gharama ya kadi ya kawaida. Kiungo hicho hakijapambwa, lazima ukitafute.

Mkenya anayejaza PayPal kutoka M-Pesa, huduma iliyoanza 2018, ananunua dola kwa kiwango ambacho tayari kina faida ya watu ndani yake. Kinaonyeshwa kabla ya kuthibitisha, kwa hiyo kipimo chetu kinafanya kazi hata kabla pesa haijatoka.

Kwa nini basi mtu atumie PayPal? Kwa ajili ya mzigo usiofika. Una siku 180 tangu kulipa kufungua malalamiko, na unayafungua mwenyewe kwenye akaunti yako. Kwa kadi ya benki haki ya kudai ipo pia, ila inapitia tawi, fomu na subira. Kwa muuzaji nisiyemjua, hata kama ninalipa shilingi mbili tatu zaidi kwa dola, napita PayPal.

Shemeji aliye Muscat

Njia hii haimo kwenye jedwali lakini nyumba nyingi za pwani zinaitumia: ndugu aliye Oman, Dubai au Marekani analipa kwa kadi yake, na wewe huku unamlipia jambo lake, ada ya mtoto au dawa za mama. Hakuna fedha inayovuka mpaka kati yenu, na hilo linaokoa makato ya kutuma. Aliye Marekani akinunua kwenye duka la huko hana ubadilishaji wowote. Aliye Oman hasumbuliwi na kupanda na kushuka kwa kiwango, kwa kuwa riali imefungwa kwa dola, na tangu 1986 riali moja ni karibu dola 2.60, lakini benki yake bado inaweza kuongeza asilimia ya muamala wa nje. Mwulize alikatwa riali ngapi hasa, msikubaliane kwa bei iliyo kwenye tovuti. Na mpatane mapema mtatumia kiwango cha siku gani. Deni la dola likikaa miezi mitatu, kila mmoja hukumbuka kiwango kinachomfaa.

Mzigo mkubwa kutoka China

Kwa mfanyabiashara mambo ni mengine. Alibaba huongeza karibu asilimia 3 kwa anayelipa kwa kadi, na benki yako ina asilimia yake. Kwa oda ya dola 2,000 hiyo inaweza kufika dola 120. Uhamisho wa benki hadi benki, wale wanaoagiza wanauita TT, una ada isiyopanda sana na kiasi: benki yako inachukua chake, na benki za katikati zinaweza kumega kidogo njiani. Kwenye fomu ya kutuma, ukichagua OUR, gharama zote zinakuwa zako na muuzaji anapata kamili. Ukichagua SHA, yaani mgawane gharama, anaweza kupokea pungufu akagoma kutuma mzigo. Kwa dola 200, TT ni hasara. Kwa dola 2,000, kadi ndiyo hasara.

Pesa ikirudi

Hapa hakuna njia inayoshinda nyingine, isipokuwa akaunti ya dola. Ukirudishiwa pesa, unarudishiwa dola 100, si shilingi ulizotoa. Zinabadilishwa upya kwa kiwango cha siku ya kurudi, na asilimia ya benki uliyolipa mwanzo mara nyingi hairudi.

Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Mwishoni mwa Machi ilikuwa karibu 132. Aliyenunua kitu cha dola 200 Januari alitoa 32,000. Duka likikubali kurejesha Machi, anapokea 26,400. Shilingi 5,600 zimepotea, na hakuna aliyemkata ada. Mwaka ambao shilingi inaporomoka mambo hugeuka, unarudishiwa zaidi ya ulichotoa, na siku hiyo hakuna anayepiga simu kulalamika.

Kwa hiyo ukiona shilingi imepata nguvu tangu ulipe, mwombe muuzaji akubadilishie bidhaa au akuwekee salio la duka kwa dola badala ya kurudisha kwenye kadi. Akirudisha kwenye kadi, usiifute ile kadi pepe mpaka pesa iingie, la sivyo utajikuta unaitafuta kati ya duka, mtandao wa kadi na huduma kwa wateja, kila mmoja akikuelekeza kwa mwenzake.